Uhuru wa Maoni na Mkono Mrefu wa Serikali ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka kadhaa kutoka kwa ndugu na marafiki wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao wakiwa huku Texas ninakoishi na wengine wakiwa nyumbani Afrika Mashariki. Wanataka kujua kwa nini wahafidhina wa Marekani hawaishi kuzungumzia uhuru wa maoni, na kama wanayoyasema ndiyo wanayoyatenda. Mimi mwenyewe ni mhafidhina na sitajifanya msuluhishi asiye na upande, ila pale upande wangu ulipokosea nimeeleza kosa lenyewe.

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanamzuia nani?

Yanaizuia serikali, wala si mtu mwingine. Maneno yake, yaliyoidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791, yanalikataza Bunge la Congress kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema au uhuru wa magazeti. Hayasemi kwamba serikali inampa raia uhuru huo. Yanauchukulia kuwa ni wake tangu awali, kisha yanaifunga serikali mikono isiuguse. Mhafidhina huanzia hapo. Mwanzoni katazo hilo liliihusu serikali kuu peke yake, hadi kesi ya Gitlow ya mwaka 1925, ambamo Mahakama ya Juu ilikubali kwamba serikali za majimbo nazo zinabanwa. Mwajiri binafsi habanwi. Akikufukuza kazi kwa sababu ya ulichoandika Facebook usiku wa manane, huenda ukawa na kesi ya mkataba au ya sheria za kazi za jimbo lako, lakini Marekebisho ya Kwanza hayatakufaa kitu.

Je, ni kweli kwamba Marekani iliwahi kuwafunga watu kwa maneno tu?

Ni kweli, na haikuchelewa kufanya hivyo. Mwaka 1798, wino wa katazo lile ukiwa bado haujakauka vizuri, Congress ilipitisha Sheria ya Uchochezi, na Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, akafungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kumwandika vibaya Rais John Adams. Wapiga kura wake walimrudisha bungeni akiwa bado yumo gerezani. Mwaka 1918 Eugene Debs, kiongozi wa wasoshalisti, alihutubia mkutano mjini Canton, Ohio, akiilaani vita, akahukumiwa miaka kumi. Mahakama ya Juu iliiafiki hukumu hiyo mwaka 1919 bila jaji hata mmoja kupinga, na mwaka uliofuata mfungwa huyo akagombea urais kutoka gereza la Atlanta na kupata kura zaidi ya 900,000. Aliyemfungulia mlango mwishoni mwa mwaka 1921 alikuwa Warren Harding, rais wa chama cha Republican. Mimi nisingempigia Debs kura hata kwa kushikiwa bakora, lakini hotuba ile haikuwa jinai.

Kwa nini Marekani haina sheria dhidi ya maneno ya chuki?

Kwa sababu mahakama zake zimekataa kumpa afisa wa serikali mizani ya kupimia chuki. Kanuni inayotumika ilitoka katika kesi ya Brandenburg ya mwaka 1969, iliyomhusu kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, wa Ohio, mtu ambaye hakuna aliyekuwa na hamu ya kumtetea. Mahakama ilisema serikali haiwezi kumwadhibu msemaji kwa kuhimiza uvunjaji wa sheria, isipokuwa maneno yake yamekusudiwa kuzusha uhalifu wa papo hapo na yana uwezekano wa kuuzusha kweli. Yapo mengine yasiyolindwa, kama vile vitisho vya kweli vya kumdhuru mtu, kashfa, ulaghai na picha za ngono za watoto. Chuki peke yake haimo.

Jambo hili huwasumbua wasomaji wengi wa kwetu, hasa wanaoikumbuka Rwanda ya mwaka 1994 na kazi iliyofanywa na redio ya RTLM. Nami sipendi kulipuuza. Redio ile ilikuwa ikitaja watu na mahali walipojificha, na wauaji walikuwa wakisikiliza wakiwa na mapanga mkononi. Uchochezi wa namna hiyo hauepuki hata kipimo kikali cha Brandenburg. Tena RTLM haikuwa ikisema kinyume cha matakwa ya wakubwa. Ilianzishwa na watu walioshikamana na utawala, na anayefikiri kwamba sheria ya maneno ya chuki mikononi mwa utawala ule ingeifunga redio hiyo ajiulize ni nani angeshtakiwa kwanza.

Wahafidhina wenyewe waliumia kwa kanuni hii. Mwaka 1984, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji la Dallas, kijana mmoja aliimwagia mafuta bendera ya taifa na kuichoma wakati chama cha Republican kikifanya mkutano wake mkuu jijini humo. Alihukumiwa mwaka mmoja jela na faini ya dola 2,000. Mahakama ya Juu ilimwachia mwaka 1989 kwa kura tano dhidi ya nne, na mmoja wa wale watano alikuwa Antonin Scalia, ambaye hakuna aliyewahi kuutilia shaka uhafidhina wake.

Kama hakuna sheria iliyopitishwa ya kuwanyamazisha watu, malalamiko ni ya nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linahitaji kisa cha zamani kidogo.

Mwaka 1956 Bunge la jimbo la Rhode Island liliunda tume ya kuhimiza maadili miongoni mwa vijana. Tume hiyo haikuwa na uwezo wa kupiga marufuku kitabu chochote wala kumtoza mtu faini. Kazi yake ilikuwa kuandika barua. Msambazaji mkubwa wa vitabu na majarida jimboni alipokea barua zisizopungua 35, zikimjulisha kwamba vichapo fulani havifai kwa vijana, zikimshukuru kabla hajafanya lolote kwa ushirikiano wake, na zikimkumbusha kwamba tume ina wajibu wa kumpendekezea mwanasheria mkuu wa jimbo washtakiwe wanaouza vitu vichafu. Orodha hiyohiyo ilipelekwa polisi. Siku chache baada ya barua kufika, askari alikuwa akija kumuuliza msambazaji amechukua hatua gani. Naye alikuwa na la kumwonyesha: ameacha kupokea oda mpya, na amewatuma vijana wake wazunguke kwa wauzaji wa rejareja, wakusanye nakala zilizobaki madukani na kuzirudisha kwa wachapishaji. Hakupelekwa mahakamani, wala kitabu hakikupigwa marufuku, lakini msomaji wa Rhode Island akienda dukani hakikuti.

Wachapishaji walishtaki, na mwaka 1963, katika kesi ya Bantam Books, Mahakama ya Juu iliamua kwamba huo ni udhibiti wa maandishi unaokatazwa na Katiba, hata kama umevikwa joho la ushauri. Jaji William Brennan, ambaye hakuwa mhafidhina hata kidogo, aliandika kwamba watu hawapuuzi kirahisi vitisho vya maafisa wa umma vilivyofunikwa kwa kitambaa chepesi.

Muulize mwenye duka yeyote wa Kariakoo au Gikomba kama anaweza kumpuuza afisa aliyekuja “kumshauri” tu. Malalamiko ya wahafidhina wa leo karibu yote ni ya aina hiyo. Serikali haijisumbui kumfunga mdomo msemaji. Inampigia simu mwenye ukumbi.

Je, mbinu hiyo imetumika siku hizi?

Imetumika. Baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, Februari 2018, mdhibiti wa mabenki na bima wa jimbo la New York, Maria Vullo, alikutana na wakuu wa kampuni ya bima ya Lloyd's. Kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, aliwaeleza kwamba hatakuwa na haja kubwa ya kuyafuatilia makosa yao mengine iwapo wataacha kuhudumia makundi yanayotetea bunduki, hasa chama cha NRA. Kisha akatoa barua kwa mabenki na kampuni za bima akiwahimiza watafakari hatari ya kuchafuka jina kwa kushirikiana na makundi hayo. Tarehe 30 Mei 2024 majaji wote tisa waliamua kwamba madai hayo, yakithibitika, ni uvunjaji wa Marekebisho ya Kwanza. Hukumu iliandikwa na Sonia Sotomayor, jaji wa mrengo wa kushoto, na mawakili wa NRA walitoka ACLU, shirika la kutetea haki za raia ambalo halikubaliani na NRA karibu katika kila jambo jingine. Sijui kesi nyingine ya miaka hii inayonifurahisha kuliko hiyo.

Kwa hiyo ile kesi ya mitandao ya kijamii wahafidhina walishinda?

Hawakushinda. Majimbo ya Missouri na Louisiana yaliishtaki serikali ya Biden mwaka 2022 pamoja na watu binafsi kadhaa, akiwemo Jay Bhattacharya wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa waandishi wa tamko la Oktoba 2020 lililopinga kuwafungia watu wote majumbani wakati wa Korona. Walidai kwamba Ikulu, FBI na wakuu wa afya walizishinikiza kampuni za mitandao zifute au zififishe maandishi yasiyowapendeza. Tarehe 4 Julai 2023 Jaji Terry Doughty wa Louisiana alitoa zuio pana dhidi ya maafisa hao, akiichagua siku hiyo ya uhuru, nadhani, si kwa bahati.

Tarehe 26 Juni 2024 Mahakama ya Juu ililitupa zuio hilo kwa kura sita dhidi ya tatu. Haikusema kwamba serikali ilitenda haki. Jaji Amy Coney Barrett aliandika kwamba walalamikaji hawakuthibitisha uhusiano wa moja kwa moja kati ya shinikizo la serikali na kufutwa kwa maneno yao wenyewe, kwa kuwa kampuni zilikuwa na kanuni zao na wakati mwingine zilianza kufuta kabla ya kuambiwa. Naona hukumu ile iliweka kizingiti kirefu mno, maana shinikizo la siri halitoi risiti. Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaosema kesi nzima ilikuwa wazi kama mchana. Ushahidi ulikuwa na matobo, na wenye kesi walilundika kila barua pepe pamoja, ile ya kutisha na ile ya kuuliza tu.

Miezi miwili baadaye Mark Zuckerberg aliiandikia Kamati ya Sheria ya Bunge kwamba mwaka 2021 maafisa waandamizi wa serikali ya Biden waliishinikiza kampuni yake kwa miezi kadhaa iondoe baadhi ya maudhui ya Korona, vichekesho na kejeli zikiwemo, na kwamba anaamini shinikizo hilo lilikuwa kosa. Bhattacharya naye, aliyewahi kuitwa mtu wa pembezoni, tangu mwaka 2025 anaiongoza Taasisi ya Taifa ya Afya.

Je, wahafidhina wakiwa madarakani wanaifuata kanuni yao?

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa, Rais Trump alitia saini amri ya kuwakataza maafisa wa serikali kuu kuzuia maoni ya raia yanayolindwa na Katiba. Miezi minane baadaye tulipata mtihani, na wengi wetu tulianguka.

Charlie Kirk, mwanaharakati maarufu wa kihafidhina, aliuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 akijibu maswali ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Utah Valley. Siku tano baadaye Mwanasheria Mkuu, Pam Bondi, alisema uhuru wa maoni ni kitu kimoja na maneno ya chuki ni kitu kingine, na kwamba serikali itawaandama wenye maneno hayo. Kirk mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 2024 kwamba kisheria maneno ya chuki hayapo Marekani. Wahafidhina walimjia juu Bondi, naye akafafanua kwamba alikusudia vitisho vya ukatili.

Kisha, tarehe 17 Septemba, Brendan Carr, mwenyekiti wa Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu, alizungumzia kwenye podikasti maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel kuhusu mauaji hayo, akasema jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyohiyo televisheni ya ABC ilikisimamisha kipindi, baada ya kampuni ya Nexstar, yenye vituo vingi vinavyorusha matangazo ya ABC, kutangaza kwamba haitakionyesha. Wakati huo Nexstar ilikuwa ikisubiri idhini ya tume hiyohiyo ya Carr ili kuinunua kampuni nyingine, Tegna, kwa dola bilioni 6.2.

Linganisha hayo na Rhode Island. Afisa anatoa ushauri, mwenye leseni anaangalia maslahi yake, msemaji anatoweka hewani, na hakuna amri iliyoandikwa popote. Nimesikia utetezi kwamba Kimmel alisema uongo, kwamba kipindi chake kilikuwa kikipoteza watazamaji, na kwamba ABC iliamua yenyewe. Utetezi huohuo, neno kwa neno, ndio waliokuwa wakiutoa watu wa Biden kuhusu Facebook. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Seneta Ted Cruz wa Texas, ambaye si rafiki wa Kimmel, alikuwa na ujasiri wa kusema hadharani kwamba maneno ya Carr ni ya hatari kabisa na yanafanana na ya jambazi anayemtembelea mwenye baa. Kimmel alirudi hewani tarehe 23 Septemba.

Je, kampuni za mitandao zinaweza kufuta maoni yangu zitakavyo?

Kwa sasa, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Texas na Florida zilitunga sheria mwaka 2021 za kuzizuia, na tarehe 1 Julai 2024 Mahakama ya Juu ilizirudisha kesi hizo chini, huku majaji wengi wakieleza kwamba kuchagua na kupanga maoni ya wengine nako ni aina ya kujieleza. Wahafidhina wamegawanyika juu ya hili, wengine wakiona kampuni kubwa kama hizo zinapaswa kutendewa kama kampuni za simu. Mimi niko upande wa mahakama.

Uhuru wa maoni unahusiana vipi na malalamiko kuhusu mamlaka za udhibiti?

Mzizi ni mmoja: madaraka yasiyopigiwa kura. Chukua wavuvi wa samaki aina ya heringi wa Cape May, New Jersey. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1976 inaruhusu serikali kuweka mwangalizi katika mashua, lakini kwa wavuvi wa aina yao haikusema nani amlipe. Mwaka 2020 idara husika iliamua kwamba mvuvi ndiye atakayelipa, na gharama hiyo ingeweza kufika dola 710 kwa siku. Pata picha ya mashua ndogo yenye watu wachache, nafasi imebana, na mmoja wao ni afisa anayehesabu samaki wenu kwa mshahara unaotoka mfukoni mwenu. Siku nyingine yeye huenda akarudi nyumbani na fedha nyingi kuliko nahodha.

Wavuvi walishtaki. Mahakama za chini ziliiunga mkono idara, zikifuata kanuni ya Chevron ya mwaka 1984, iliyowataka majaji waikubali tafsiri ya idara pale sheria inapokuwa na utata, mradi tafsiri hiyo iwe ya busara. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu iliifuta kanuni hiyo: kutafsiri sheria ni kazi ya jaji. Hapa pana jambo ambalo wenzangu hawapendi kulikumbusha. Chevron ilikuwa ushindi wa serikali ya Rais Reagan wa Republican, na Scalia aliitetea kwa miaka mingi. Sera iliyobishaniwa mwaka 1984 ilitungwa na idara ya mazingira ikiongozwa na Anne Gorsuch, na miongoni mwa majaji walioizika kanuni hiyo miaka 40 baadaye ni mwanawe, Neil.

Na ushuru wa forodha wa Rais Trump, si kuvuka mipaka?

Naona hivyo, kwa sababu zilezile. Katiba inalipa Congress uwezo wa kutoza ushuru. Rais alitumia sheria ya dharura ya mwaka 1977, ambayo haitaji ushuru, kutoza bidhaa za karibu dunia nzima. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ilimpinga Mei 2025, mahakama ya rufaa ikaafiki Agosti kwa kura saba dhidi ya nne, na shauri liliposikilizwa na Mahakama ya Juu tarehe 5 Novemba 2025, Jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, aliwabana mawakili wa serikali kuhusu mamlaka yanayotoka kwa wabunge kwenda kwa rais bila njia ya kurudi. Aliyeshangilia mwaka 2023 Biden alipokatazwa kufuta mikopo ya wanafunzi ya takriban dola bilioni 430 bila idhini ya Congress hana budi kuumeza mfupa huu.

Mimi si raia. Je, ninalindwa?

Ukiwa ndani ya nchi, unalindwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1945, katika kesi ya Harry Bridges, kiongozi wa makuli wa bandarini aliyezaliwa Australia, Mahakama ya Juu ilisema uhuru wa kusema ni wa wageni wanaoishi Marekani pia. Ukiwa nje ukiomba kuingia, hali ni tofauti: mwaka 1972 mahakama hiyohiyo iliiruhusu serikali kumnyima viza msomi wa Kimarx kutoka Ubelgiji. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo hutakiwa kuzifungua akaunti zao za mitandao ili maafisa wa ubalozi wazisome, na ninawashauri vijana wanaoomba kutoka Dar es Salaam au Nairobi wasikanushe kuwa na akaunti wanazozimiliki, kwa kuwa uongo kwenye fomu ni hatari kuliko maoni.

Machi 2025 mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uturuki alikamatwa mtaani Somerville, Massachusetts, na maafisa waliofunika nyuso, mwaka mmoja baada ya kushiriki kuandika makala ya kuikosoa Israel katika gazeti la chuo cha Tufts. Alikaa kizuizini zaidi ya wiki sita, hadi jaji alipoamuru aachiwe tarehe 9 Mei. Mimi ni rafiki wa Israel na makala yale hayakunivutia. Lakini makala ya gazeti la wanafunzi si kosa la kumweka mtu mahabusu.

Kunyamaza kwa Sauti ya Amerika kwa Kiswahili ni kuminya uhuru wa maoni?

Kwa maana ya Marekebisho ya Kwanza, sidhani. VOA ni redio ya serikali, na serikali ina haki ya kuacha kutangaza kama ilivyo na haki ya kuanza. Nasema hivyo nikiwa mtoto wa mzee aliyekuwa akitoa redio yake ya betri barazani kila jioni, akiinyanyua antena na kuigeuzageuza hadi Washington isikike, na hakuna aliyethubutu kuongea taarifa ya habari ikiendelea.

Kosa liko kwingine. Amri ya rais ya kuipunguza taasisi inayoisimamia VOA ilitolewa tarehe 14 Machi 2025, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa redio hiyo walipewa likizo ya lazima, ingawa Congress ilikuwa imeshatenga fedha za kazi hiyo na kuagiza ifanyike. Rais aliyeona redio haifai angewaomba wabunge waifute. Tarehe 22 Aprili Jaji Royce Lamberth aliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kuivunja taasisi iliyoundwa na kugharimiwa na Congress, na ingawa mahakama ya rufaa ilisimamisha sehemu ya amri yake, hoja hiyo ya fedha sijaona ikijibiwa vizuri na yeyote wa upande wangu. Lamberth aliteuliwa na Reagan mwaka 1987.